Sidi Mubarak Bombay: Askari Aliyezitembea Njia za Misafara

Barabara ya Taifa Namba 3 hutoka Bujumbura, ikaufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika kuelekea kusini, ikafika Rumonge baada ya kilomita zipatazo 70, kisha ikaendelea hadi Nyanza-Lac. Askari na polisi wengi wanaijua barabara hii vizuri kwa sababu ya zamu za usiku, doria na ukaguzi wa magari yanayobeba mawese na ndagala. Lakini ni wachache wanaojua kwamba ukingo huu ulikuwa njia ya misafara muda mrefu kabla ya gari la kwanza kupita.

Mahali paitwapo Mugere, kusini ya Bujumbura kwa kilomita zipatazo kumi, lipo jiwe kubwa lililoandikwa majina mawili na tarehe moja. Majina hayo ni ya Livingstone na Stanley, na tarehe ni 25 Novemba 1871. Jiwe hilo ndilo alama inayojulikana kuliko zote za safari za kale katika mwambao wetu. Hata hivyo, wazungu wale wawili hawakufika Mugere peke yao. Mtumbwi wao ulipigwa makasia na watu wengine, chakula chao kilipikwa na watu wengine, na usiku wao ulilindwa na watu wengine. Mmoja wa hao alikuwa askari kwa kazi yake ya asili, na katika kizazi chake ni vigumu kumpata mtu aliyezitembea njia za Afrika kumzidi. Jina lake halimo katika jiwe. Aliitwa Sidi Mubarak Bombay.

Mubarak alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, sehemu ambazo leo ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Alipokuwa angali mtoto, kijiji chao kilizingirwa ghafla na wafanyabiashara wa pwani wenye panga na bunduki, wakadai walipwe papo hapo madeni ya zamani. Wanakijiji hawakuwa na cha kulipa. Walioweza kukimbia walikimbia, na waliobaki walichukuliwa. Mtoto yule alitembezwa hadi Kilwa, akapelekwa Unguja, akauzwa, na mwisho akavushwa bahari hadi Bara Hindi. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yake ya kwanza katika njia ya msafara, naye aliifanya akiwa bidhaa.

Huko Bara Hindi alikaa miaka mingi katika utumwa. Ndiko alikojifunza Kihindustani, lugha iliyokuja kumfaa sana baadaye, na ndiko lilikotoka jina alilojulikana nalo hata kufa kwake. Sidi ni jina walilopewa watu wenye asili ya Afrika katika nchi hiyo, na Bombay ni jina la mji. Bwana wake alipofariki Mubarak akapata uhuru, akarudi Unguja, akajiandikisha katika jeshi la Sultani. Alipangiwa ngome ndogo ya Chogwe, karibu na mto Pangani, miongoni mwa askari Wabaluchi.

Mwezi Februari 1857 maofisa wawili Waingereza, Richard Burton na John Speke, walipita Chogwe wakijiandaa kwenda bara. Speke alikuwa ametumikia jeshi la Bara Hindi na alijua Kihindustani, lakini Kiswahili hakukijua. Alipomwona askari mwenye kuzungumza lugha hiyo, mwepesi wa miguu na asiyekwepa kazi, alimwomba afuatane nao. Mubarak akatolewa jeshini akaingia katika msafara. Tangu siku hiyo hadi mwaka 1876 kazi yake ilikuwa njia.

Yafaa tueleze jinsi njia hiyo ilivyokuwa, maana kijana wa leo huweza kudhani ilikuwa barabara. Katika nchi nyingine za dunia wasafiri wa zamani walitumia magari ya kukokotwa na ng'ombe au farasi. Katika sehemu kubwa ya nchi zetu jambo hilo halikuwezekana, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama hao. Kila kitu kilibebwa na mwanadamu. Mpagazi alichukua mzigo wa kadiri ya frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, begani au kichwani: nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, na wakati wa kurudi pembe za ndovu. Watumwa waliofungwa shingoni walipitishwa katika njia hiyo hiyo. Upana wa njia ulikuwa ule wa kumtosha mtu mmoja, basi watu mia walikwenda kwa mstari mmoja mrefu.

Msafara ulikuwa na nidhamu yake, na askari yeyote ataitambua. Mbele alikwenda kirangozi na bendera, naye ndiye aliyechagua njia panapokuwa na njia panda. Wanyapara waliwasimamia wapagazi. Askari wenye bunduki waligawanywa mbele na nyuma, na wale wa nyuma walikuwa na kazi ngumu kuliko wote, kwa sababu ndio waliokusanya wagonjwa, watoro na mizigo iliyotupwa. Safari ilianza alfajiri na kusimama kabla ya jua kuwa kali. Kambini palizungushwa boma la miiba. Kwa kila mtawala ambaye nchi yake ilipitwa, msafara ulilipa hongo, na kiasi chake kilijadiliwa kwa siku kadhaa. Mtu aliyejua lugha, aliyejua watu, na aliyeweza kuvumilia mjadala bila kukasirika alikuwa na thamani kuliko bunduki kumi. Mubarak alikuwa mtu wa namna hiyo.

Kutoka pwani ya Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita elfu moja. Msafara wa Burton na Speke uliondoka Unguja Juni 1857, ukafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi Novemba, na ukaliona Ziwa Tanganyika tarehe 13 Februari 1858. Mwezi Machi Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi, na Mubarak alikuwa pamoja naye. Mwezi Aprili mitumbwi ya msafara ilipanda kaskazini kwa kuufuata mwambao wa Urundi, ikavuka ng'ambo na kufika Uvira. Waligeuka hapo bila kuufikia mlango wa mto Rusizi. Shabaha ya safari ilikuwa kujua kama mto huo unaingia ziwani au unatoka, kwa sababu kama ungetoka, ungeweza kuwa chanzo cha Nili. Wenyeji waliwaambia kwamba unaingia, lakini wao wenyewe hawakuuona.

Mwaka huo huo, tarehe 3 Agosti, Speke alifika kusini mwa ziwa kubwa ambalo yeye alilipa jina la Victoria, na Mubarak alikuwa naye. Walirudi tena mwaka 1860, safari hii pamoja na James Grant. Walipita Karagwe na Buganda, na tarehe 28 Julai 1862 Speke alisimama mahali ambapo Nili hutoka ziwani, Mubarak akiwa katika kundi lake. Kutoka hapo waliteremka kaskazini hadi Gondokoro, kisha Khartoum, hata wakafika Kairo. Mtoto aliyeuzwa Unguja alikuwa sasa ameifuata Nili hadi Misri, tena kwa hiari yake na kwa mshahara.

Isidhaniwe kwamba maisha hayo yalikuwa ya heshima wakati wote. Speke alimsifu sana katika maandishi yake, lakini kulikuwa na siku alipompiga mbele ya watu, na Mubarak akaondoka kwa hasira kabla ya kurejea kazini. Bwana wa tatu alikuwa mkali zaidi. Huyo alikuwa Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, aliyefika Unguja mwaka 1871 ili kumtafuta David Livingstone. Stanley alimtafuta Mubarak, akamfanya mkuu wa askari wake, akampa watu zaidi ya ishirini. Waliondoka Bagamoyo mwezi Machi.

Tabora waliikuta katika vita. Mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji, na Waarabu wa Tabora walikusanya jeshi kwenda kumwadhibu. Mwezi Agosti waliteka kijiji kimoja kikubwa, wakaanza kurudi wakiwa wameelemewa na pembe na ngawira nyingine. Mirambo alikuwa amewaficha watu wake katika majani marefu kando ya njia. Waliorudi hawakuwa na walinzi wa ubavuni wala wa mbele. Mikono yao ilikuwa imejaa mali. Wakauawa wengi, na baadhi ya askari wa Stanley wakiwamo. Ilibidi msafara uzunguke kusini kwa njia ndefu isiyojulikana. Katika mzunguko huo watu walichoka wakagoma, na Stanley alimpiga Mubarak kwa mpini wa mkuki. Pamoja na hayo Mubarak aliendelea na safari, na mwezi Novemba 1871 msafara ukaingia Ujiji huku bunduki zikilia.

Hapo ndipo ilipoanza safari inayoihusu barabara yetu. Tarehe 16 Novemba Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi mkubwa walioazimwa na Said bin Majid, tajiri Mwarabu wa Ujiji, wakaelekea kaskazini kumaliza swali la Rusizi. Waliukumbatia mwambao wa Urundi. Mchana walipiga makasia, jioni waliteremka nchi kavu kwenye ghuba au mlango wa mto, wakapika na kulala. Anayesafiri leo kutoka Nyanza-Lac hadi Bujumbura anafuata mwambao ule ule walioufuata, akiwa na milima ile ile upande mmoja na ziwa upande wa pili, na huvuka kwa madaraja mito ambayo wao waliiona ikimwagika ziwani.

Katika kituo kimoja cha mwambao huo, mahali walipopaita Mukungu, ndipo Mubarak alipofanya kosa kubwa la kazi yake ya uaskari. Hongo ilikuwa imelipwa, mabwana walikuwa wamelala, na ulinzi wa mtumbwi ulikuwa mikononi mwa Mubarak na Susi, mtumishi wa Livingstone. Wote wawili walikuwa wamekunywa pombe. Usiku wezi wakaingia mtumbwini wakachukua risasi mamia kadhaa, unga, sukari ya Livingstone, na kamba iliyotumika kupimia kina cha ziwa. Asubuhi hapakuwa na mtu wa kukamatwa.

Tungeweza kulificha tukio hili kwa kuwa tunamsifu mtu. Lakini historia ya askari haiandikwi hivyo. Mtu aliyekuwa amevuka nchi ngumu kuliko Urundi, aliyestahimili njaa, homa na mapigo, alishindwa na chungu cha pombe katika usiku mmoja ulioonekana kuwa wa salama. Hatari ya Mirambo ilimkuta macho, na utulivu wa ghuba ukamkuta amelala. Kila kamanda anajua kwamba lindo huanguka mara nyingi katika usiku wa namna hiyo, na ndiyo maana hatuna budi kulisimulia kosa hili pamoja na sifa zake.

Safari iliendelea. Walipokewa Uzige na mtawala aliyeitwa Mukamba, na ni katika siku hizo ndipo inapoangukia tarehe iliyo katika jiwe la Mugere. Kisha wakaenda hadi mlango wa Rusizi, wakauona mto kwa macho yao ukiingia ziwani. Swali la mwaka 1858 likapata jibu. Walirejea Ujiji katikati ya Desemba, baada ya majuma manne majini.

Mubarak hakustaafu hapo. Mwaka 1873 aliondoka tena pwani akiwa mkuu wa msafara wa Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la maji la Uingereza. Walipokuwa Unyanyembe walikutana na watu waliokuwa wakiuchukua mwili wa Livingstone kuupeleka pwani, na miongoni mwao alikuwamo Susi, mwenzake wa usiku ule wa Mukungu. Msafara wa Cameron ulifika Ujiji Februari 1874, ukachunguza sehemu ya kusini ya ziwa, ukavuka Manyema na kuendelea magharibi hadi pwani ya Angola mwezi Novemba 1875. Hivyo Mubarak akawa ameivuka Afrika kutoka Bahari ya Hindi hadi Bahari ya Atlantiki. Jumla ya safari zake hukadiriwa kuwa kilomita zipatazo 9,600, nyingi kwa miguu. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha na pensheni ya maisha. Alifariki mwaka 1885.

Kifo chake kilifuatana na mwisho wa njia yenyewe. Wamisionari wa White Fathers walikuwa wameifuata mpaka ziwani na kufungua kituo Rumonge mwaka 1879; watatu kati yao waliuawa hapo mwezi Mei 1881. Wajerumani wakafika, wakajenga boma la Usumbura mwaka 1897. Mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, ikiifuata kwa sehemu kubwa njia ya wapagazi. Treni moja ikabeba mzigo wa maelfu ya mabega, na njia ya miguu ikaota majani.

Sasa tuulize, alama zake ziko wapi? Huko Marekani, magari ya wahamiaji waliokwenda Oregon yalichimba mitaro katika mawe laini ya Wyoming, na mitaro hiyo inaonekana hadi leo. Mwaka 1906 mzee mmoja, Ezra Meeker, aliyepita njia hiyo akiwa kijana mwaka 1852, alifunga tena ng'ombe kwenye gari lake akairudia, akihimiza miji iliyokuwa njiani isimike mawe ya ukumbusho kabla barabara na mashamba hayajafuta kila kitu. Mwaka 1978 njia hiyo ikalindwa kwa sheria ya taifa. Wao walikuwa na mitaro ya magurudumu, na bado waliogopa kusahau.

Njia yetu haikuwa na magurudumu, na unyayo wa mpagazi haukati jiwe. Alama zake ni dhaifu zaidi: miembe mikubwa iliyoota palipokuwa na kambi, makaburi ya zamani, bandari ndogo za mitumbwi, majina ya mahali, na lugha hii ya Kiswahili inayozungumzwa sokoni Rumonge na mtaani Buyenzi, ambayo ililetwa ziwani na watu wa misafara. Kwa sababu ni dhaifu, hupotea bila mtu kukusudia. Mti mmoja hukatwa kwa ajili ya kuni. Kaburi hufunikwa na kifusi cha barabara inayopanuliwa. Tena ziwa lenyewe limepanda katika miaka ya karibuni, na mafuriko ya 2021 na 2024 yaliwahamisha watu na kumeza sehemu za ufuko huo ambao mitumbwi ya 1871 ilivutwa juu yake.

Wenzetu wa Tanzania wameanza kazi. Mwaka 2006 waliiweka Njia ya Kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya urithi wanaokusudia kuupendekeza kwa UNESCO, wakitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha hiyo inaishia Ujiji. Mubarak hakuishia Ujiji. Kutoka hapo njia iliingia majini, ikapanda mwambao wa Rumonge hadi Uzige na Uvira, na sehemu hiyo ya mwisho iko mikononi mwetu.

Hapa ndipo sisi tuvaao sare tunapoguswa. Ofisa wa utamaduni hupita barabara hii mara chache kwa mwaka, lakini askari na polisi wako juu yake usiku na mchana. Wao ndio wa kwanza kuona mti mkongwe unapowekewa shoka, jiwe linaposukumwa na katapila, au kaburi linapofichuliwa na mmomonyoko. Kumwarifu mkuu wa tarafa hakuhitaji bajeti. Kumuuliza mzee wa kijiji jina la ghuba na sababu ya jina hilo, kisha kuliandika katika daftari la kituo, kwahitaji muda wa robo saa. Wahandisi wa barabara nao wakiarifiwa mapema, huweza kuusogeza mtaro mita mbili na kuiacha alama mahali pake.

Na siku jiwe la Mugere litakapofanyiwa ukarabati, yafaa kando yake pasimikwe jingine, dogo, lenye majina ya waliopiga makasia na kulinda usiku, kadiri yanavyojulikana. La kwanza liwe la Sidi Mubarak Bombay, mtumwa aliyepata uhuru, askari wa Chogwe, aliyelala zamu mara moja katika mwambao wa Urundi na kuivuka Afrika yote baada ya hapo. Askari apitaye alisome na kumjua mtu wa kazi yake, kwa sifa zake na kwa kosa lake.